Bwana Nyuki wa Kinamasini

Bwana Nyuki hakula asali. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa Kibondo wangekuambia juu yake, na walilisema kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wanaotaja ugonjwa wa jirani. Chai yake aliinywa nyeusi, bila sukari, bila maziwa, na ukimwuliza sababu alijibu kwamba mpishi hashibishwi na jiko lake. Sidhani kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Nilimfahamu tangu nikiwa mtoto wa darasa la pili mpaka nikawa na watoto wangu mwenyewe, na sababu za mambo yake mengi sikuzipata kinywani mwake.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Alikuwa Bwana Nyuki kwa wakulima, kwa warina asali, kwa maofisa wenzake, na hata kwa baba yangu, aliyekuwa dereva wa idara yao ya misitu na nyuki na, naamini, rafiki yake pekee. Alikuja kwa uhamisho kutoka Kondoa, akapewa kituo kusini mwa Kibondo, upande ambako msitu wa miombo unashuka pole pole mpaka unageuka kinamasi. Wenzake waliopelekwa kule hawakumaliza hata misimu miwili kabla ya kuomba kuhamishwa kwa sababu za afya. Yeye alikaa mpaka akastaafu, na alipostaafu akaendelea kukaa, na sare yake ya kaki akaendelea kuivaa mpaka kola ikawa nyuzi tupu.

Nyumba aliyoishi ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo za mninga, katikati ya mafunjo. Inasemekana ilipojengwa ilikuwa ukingoni, mahali pa kupumzika watu wa idara wakati wa kurina. Kisha maji yakasogea, au nguzo zikazama, au vyote viwili, na nilipoiona mimi kwa mara ya kwanza ilikuwa imezungukwa pande zote. Gari la baba liliishia kwenye ardhi ngumu. Kutoka hapo ulivua viatu, ukavishika mkononi, ukatembea juu ya magogo yaliyolazwa kwenye tope, huku mafunjo yamekupita urefu na hakuna unachokiona ila mgongo wa aliyekutangulia. Ndani kulinuka nta, moshi na mbao mbichi, ingawa mbao zile zilikuwa za zamani kuliko baba yangu. Sakafu ilikuwa na nyufa, na ukilala kifudifudi ukaweka jicho kwenye ufa uliona maji meusi, yametulia, na mara moja moja kitu kinapita ambacho hukuwahi kujua ni nini.

Nilikuwa naiogopa nyumba ile na nilikuwa nalia nikiachwa nyumbani Heru Juu baba anapokwenda huko. Mambo hayo mawili niliyabeba pamoja kwa miaka mingi.

Yeye mwenyewe aliyaogopa maji kuliko mimi. Alikuwa mtu wa nchi kavu. Kwao, alisema, mto ni mchanga ambao mara chache hukumbuka kazi yake. Hakujua kuogelea na hakutaka kujifunza. Magogo aliyapita kwa kunyata, mikono ameitanua, mtu mzima mwenye kofia ya serikali, na warina asali vijana walikuwa wakigeukia pembeni ili asiwaone wanavyocheka. Aliwaogopa hata vyura. Akimkuta chura kwenye ngazi alisimama na kusubiri chura aondoke, hata kama ni kwa muda mrefu, na wala hakuona aibu. Baba alimwambia mara nyingi kwamba angeweza kupanga chumba Kibondo mjini, karibu na msikiti, karibu na maduka, akawa anakwenda kazini kwa baiskeli kama watu wengine. Alijibu kwamba mtu wa serikali hahami, huhamishwa.

Alipenda kutoa maneno ya namna hiyo, mafupi, akiyasema huku anafanya kitu kingine. "Nyuki hana hasira, ana kazi." Au: "Kinamasi hakimzamishi mtu, kinamsubiri achoke." Hili la pili nililisikia siku moja nilipoteleza kwenye gogo nikazama mpaka kiunoni, nikaanza kupiga mateke. Alininyooshea ufito, akaniambia nitulie, akasema neno lake, kisha akanivuta taratibu huku midomo yake inatetemeka. Baba alikuwa amekwenda kwenye gari. Alipokuwa ananikausha mbele ya moto aliniomba nisimwambie baba. Si kwa sababu yangu, nadhani, bali hakutaka ijulikane alivyotetemeka.

Watu hawakumpenda. Niliseme hili wazi, maana wafu na wazee tuna tabia ya kuwapaka mafuta. Alikuwa mkali kwa jambo moja hasa, nalo ni magome. Waha wa upande ule, kama wazee wao, walichuna gome la mti mzima kutengenezea mzinga, na mti ule hukauka. Yeye alipita msituni akitazama juu, na kila alipoona mti uliochunwa aliuliza mpaka akampata mwenyewe. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alifikishwa naye mbele ya mtendaji wa kata, mzee mwenye mvi, mbele ya wajukuu zake, kwa sababu ya mti mmoja. Kesho yake mke wa mzee yule alikuja kinamasini na jogoo chini ya kwapa, kuomba radhi. Bwana Nyuki alimpokea kwa heshima zote, akampa chai ya rangi, akasikiliza. Kisha akamrudishia jogoo wake, na punje za mahindi kwenye kikaratasi za kumlisha njiani, na mashtaka yakabaki palepale. Jambo la punje ndilo watu walilolisimulia zaidi, kwa chuki. Walisema afadhali angemchinja jogoo.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini hakuna aliyeshuku kwamba mtu huyu, ambaye sheria ilikuwa kama mfupa wake wa mgongo, aliivunja kila siku kwa miaka mingi ndani ya nyumba ya mbao.

Mimi nilijua, kwa kuwa nilikuwa mtoto na watoto hawafichwi vizuri. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mwanamke na binti yake. Binti aliitwa Spesi, tulikuwa na umri mmoja, na tulicheza pamoja chini ya meza yenye chupa za asali. Mama yake tulimwita Mama Spesi. Alikuwa Mrundi. Baba aliniagiza nisiseme habari zao popote, shuleni wala kanisani, na namna alivyoniambia, huku amesimamisha gari kando ya barabara na kuzima injini, ilinitosha.

Jinsi walivyofika nilisimuliwa na baba baadaye sana. Ilikuwa wakati watu walipokuwa wakivuka mpaka kwa makundi, wanatembea msituni siku nyingi. Alfajiri moja Bwana Nyuki alikwenda kukagua mizinga akasikia mtoto analia ndani ya mafunjo. Mwanamke alikuwa amejibanza chini ya mzinga bila kujua ni kitu gani, na nyuki walikuwa wamemkamata. Alikuwa amelala juu ya mtoto kumfunika. Uso wake ulikuwa umevimba macho yasionekane. Bwana Nyuki alimbeba mtoto, akamshika mama mkono kama kipofu, akawapitisha kwenye magogo yale ambayo yeye mwenyewe aliyaogopa, na akakaa asubuhi nzima akimtoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja.

Utaratibu ulikuwa unajulikana: mkimbizi anapelekwa kambini, anaandikishwa, anapewa turubai na chakula. Gari la baba lilikuja kesho yake kwa kazi hiyo hiyo. Mwanamke alipoliona alishika nguzo ya nyumba akakataa. Kiswahili hakujua, lakini Kirundi na Kiha ni ndugu, na baba akamwelewa. Alisema kambini kuna wanaume wawili aliowaona njiani, wamekimbia kama yeye, nao ndio waliomuua kaka yake mbele yake. Wanaujua uso wake. Akipelekwa huko hatamaliza mwezi.

Baba alimtafsiria Bwana Nyuki. Alisema Bwana Nyuki alikwenda akasimama mlangoni akiyatazama maji, kisha akarudi na kusema, "Mwambie uso ukipungua uvimbe tutaliangalia tena." Uvimbe uliisha, na hawakuliangalia tena.

Waliishi pale. Hakuna mtu aliyekuwa anakwenda kinamasini bila sababu, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kutembelewa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipokuja kuelewa kwa nini hakwenda mjini hata siku ya Idi. Aliswali peke yake juu ya mkeka, huku Mama Spesi, Mkatoliki, akimnyamazisha mtoto. Nimeulizwa na mume wangu kama walikuwa mtu na mkewe. Sijui. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Yeye alimwita "mama", kama tulivyomwita sote, naye alimwita "muzehe", yaani mzee. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba walipokaa kula, Bwana Nyuki alimega ugali akaangalia kwanza upande wa Mama Spesi kama amekwisha anza, ndipo akaanza yeye. Spesi alimwita baba. Alimwita kwa Kirundi, "data", na Bwana Nyuki aliitika bila kugeuka, kama mtu aliyeitwa hivyo maisha yote.

Ulifika wakati kambi zikaanza kufungwa na malori yakawa yanarudisha watu kwao. Mama Spesi alisikia habari hizo kwenye redio ya Bwana Nyuki mwenyewe. Baba alisema hakukuwa na ugomvi. Alisema tu kwamba siku moja alipofika alimkuta amefunga vitu kwenye kitenge, na Bwana Nyuki anamchongea fimbo.

Siku ya kuondoka nilikuwepo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na baba alinichukua ili nimsaidie Spesi mizigo. Bwana Nyuki alikuwa amewapa ndoo ya asali, amefunga mfuniko kwa nta. Hakutusindikiza. Alikaa kwenye ngazi ya juu, kofia magotini. Mama Spesi alimshika mkono, akainama kidogo, akasema neno ambalo sikulisikia, kisha akatangulia kwenye magogo na hakugeuka. Spesi aligeuka kila hatua, mpaka nikaogopa ataanguka. Tulipokuwa tumefika katikati tulisikia sauti ya Bwana Nyuki nyuma, sauti ile ile ya kazini: "Angalieni lile gogo lililooza." Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Baada ya hapo hakuna alichobadilisha. Alistaafu. Ndugu zake kutoka Kondoa walimtumia mtu kuja kumchukua, kijana mwenye adabu, mtoto wa dada yake. Alimlaza siku kadhaa, akamlisha vizuri, akamrudisha na dumu la asali. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba kwa unyevu, lakini kila kiangazi alikata miti na kubadilisha magogo ya njia, yeye ambaye alikuwa hatoki tena ila kwa nadra. Warina asali walimwambia kwamba wao wanaweza kupita kwa mtumbwi, asijisumbue. Alisema njia ni mali ya serikali.

Baba alifariki, na nikaendelea kwenda mimi. Nilikuwa nimeolewa Kasulu na nimeanza biashara ya vitenge. Asali yake niliichukua nikaiuza pamoja na vitenge. Nilimsalimia, "Shikamoo, baba mkubwa," akaniitikia na kuniuliza habari za barabara. Habari za barabara alizitaka zote: wapi pamekatika, malori gani yanapita, mpaka umefungwa au uko wazi. Nilimjibu, na sikumwuliza anazitakia nini. Nyumba ilikuwa imeinama upande mmoja. Bati lilikuwa na matundu, na aliweka masufuria sakafuni kukinga mvua, kisha akayamwaga maji hayo kupitia nyufa, yakarudi kinamasini. Mara nyingine tulikaa mchana mzima tukisikiliza matone, na nilipoondoka nilijisikia kama mtu aliyetoka msibani ambako hajaambiwa nani amefariki.

Ilikuwa kwenye soko la Munanila, karibu na mpaka, mwaka juzi, ndipo mwanamke alisimama mbele ya vitenge vyangu bila kuvigusa. Alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu cha chupa za mawese. Alinitazama mpaka nikaona vibaya. Kisha akasema polepole, "Wewe ni mtoto wa dereva." Nilimtambua kwa meno yake ya mbele, yaliyoachana. Kabla sijamkumbatia, kabla hata sijasema jina lake, aliuliza, "Data aracariho?" Baba bado yupo?

Nilimwambia yupo. Nilimwambia yupo palepale.

Spesi aliweka kikapu chini akakaa juu ya gunia la maharage la jirani yangu, na jirani yangu kwa bahati nzuri hakusema kitu. Tulizungumza mpaka soko likaanza kufungwa. Ameolewa, ana watoto wanne. Mama yake yuko hai, ana shamba la migomba na nyumba ya matofali, na ni mtu mzito kanisani. Nilimwuliza kama mama angependa kuja siku moja, hata kwa kusalimia tu. Karatasi za kuvukia kwa siku moja si ngumu. Spesi alifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Mama hataki hata litajwe lile bwawa," alisema. "Mimi nikilitaja anaondoka chumbani. Anasema pale tulifichwa, hatukuishi. Hamchukii mzee, dada, usielewe vibaya. Kila Jumapili anamwombea. Lakini kurudi hawezi."

Nilikaa na maneno hayo wiki kadhaa. Mume wangu alinishauri niyaache, kwamba mtu mwenye umri ule, mwenye tumaini lake, humnyang'anyi. Nilimsikiliza, kisha mwisho wa kiangazi nikachukua bodaboda kutoka Kibondo. Sikuwa na uhakika nitasema nini. Nilijua tu kwamba mtu aliyesubiri kiasi kile ana haki ya kuambiwa.

Nilimkuta kitandani, blanketi mpaka kidevuni ingawa kulikuwa na joto. Alikuwa amekonda, na pumzi yake ilikuwa na sauti. Kijana wa warina asali alikuwa akimletea uji, alisema, lakini hakuutaka. Nilimwambia nitaleta gari, nimpeleke hospitali Kabanga. Alisema tutaona. Nikawasha moto, nikampikia chai yake nyeusi, nikamwinua mgongo. Kisha nikamwambia nimekutana na Spesi.

Hakushtuka. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili na kungoja. Nikamweleza yote: watoto wanne, mawese, shamba la migomba, nyumba ya matofali. Nikamwambia alichouliza Spesi kwanza, kwa lugha ile ile aliyoulizia. Midomo yake ilisogea kama anayerudia neno. Nilipofika kwa Mama Spesi nilitaka kupunguza makali, lakini alinitazama, na nikaona kwamba nikidanganya atajua. Nikamwambia hatakuja. Nikamwambia na kwa nini.

Nje upepo uliyalaza mafunjo na kuyainua. Nilikuwa tayari kwa machozi, au kwa hasira, au kwa mojawapo ya maneno yake mafupi.

"Analala?" aliuliza.

Sikuelewa. Nikamwuliza nani, sasa hivi?

"Usiku. Huko kwake. Analala?"

Ndipo akanieleza, kwa kukatakata, pumzi ikimpungukia. Miaka yote ile Mama Spesi hakulala humu ndani hata usiku mmoja. Alipolaza mtoto alikuja akakaa pale mlangoni, kanga kichwani, akisikiliza maji, mpaka kupambazuke. Alisinzia mchana tu, akiwa amesimama, akiwa anapepeta. Bwana Nyuki alimwambia mara nyingi kwamba hakuna mtu anayeweza kuja bila magogo kulia. Haikusaidia. "Basi na mimi nikawa nakaa," alisema. "Mimi kiti kile, yeye pale. Hatuzungumzi. Nikaona angalau asiwe macho peke yake."

Aliniambia haya bila kujionea huruma, kama anayetoa taarifa ya mizinga. Kisha akaniangalia tena, akingoja jibu.

Nikakumbuka kwamba Spesi alilalamika sokoni, nusu anacheka, jinsi wanavyohangaika Jumapili asubuhi. Mama yake hulala mpaka jua linaingia dirishani na kumfikia usoni. Wajukuu humvuta miguu aamke wasichelewe misa, naye hujigeuza upande wa pili na kuendelea.

Nikamwambia hivyo hivyo, pamoja na wajukuu na miguu.

Bwana Nyuki alinirudishia kikombe. "Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti ndogo. "Basi alifanya vema kwenda."

Alijilaza akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na nikadhani analia, nikaona nimpe faragha yake. Niliosha kikombe, nikafunika moto kwa majivu, nikakinga sufuria mahali ambapo bati linavuja zaidi, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Malagarasi. Nilipomsogelea kumuaga, nikainama kumwangalia usoni.

Alikuwa amelala. Mchana kweupe, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, usingizi mzito wa mtu ambaye hatimaye amepokewa zamu. Nilimwinulia ule mkono nikaurudisha ndani ya blanketi. Nikachukua viatu vyangu mlangoni, nikatoka kwa kunyata, nisimwamshe.